Kifungo cha Koti la Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na hakuna mtu aliyenichosha kwa masharti kama yeye. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi. Pasi ya mkaa isiachwe dirishani. Na kubwa kuliko yote: akiwa majini, kifungo cha juu cha koti kikikataa kufungika, anatoka. Papo hapo, hata kama samaki wa bwawa zima wamempangia foleni.

Bwawa lilikuwa juu mlimani, maji yake baridi ya kuuma meno. Alivua kila Jumamosi, ameketi kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Aliushonea kiti cha turubai chenye matundu mawili ya miguu, mishono mitatu mitatu, nadhifu kuliko sare zetu za shule. Miguu ilining'inia majini ndani ya suruali ya mpira na soksi mbili za sufu. Mimi nilibaki ukingoni na kamba ya kumvutia.

Mpira huo alipewa na rafiki yake, fundi pancha wa jirani, tuliyemwita Bado Kidogo, maana ndivyo alivyojibu kila alipoitwa atoke majini. Siku moja alijibu hivyo mpaka akaacha kujibu. Baba alimvuta nje anatetemeka, ulimi mzito, hata jina la mkewe limempotea. Alipona, na mkewe hakumwacha asahau jina lile tena. Baba alirudi nyumbani, akashona kifungo kikubwa kwenye kola ya koti lake la kuvulia. Alisema vidole huijua baridi kabla ya kichwa, kwa sababu kichwa kina kiburi. Tangu hapo, kila baada ya muda alikuwa anakifungua na kukifunga kwa mkono mmoja.

Nilimkasirikia kwelikweli mara moja tu. Mchumba wangu alikuwa anamleta mama yake kula kwetu kesho yake, nami nilishajigamba kuhusu samaki. Asubuhi nzima, patupu. Halafu ufito ukapinda, mpira ukaanza kuzunguka, nikauona mgongo wa samaki mnene kama paja langu. Wee! Nilikuwa nishamtafutia sufuria kichwani. Baba akapeleka mkono kwenye kola. Vidole vikapapasa, vikateleza, vikapapasa tena. Akainama, akakata mshipi kwa meno.

"Nivute," akasema.

Nilimvuta huku nalia kwa hasira. Nilimwambia dakika mbili tu zingetosha. Akanijibu, midomo mizito, kwamba Bado Kidogo naye aliomba mbili. Kesho yake mama mkwe alikula maharage, tena akaomba aongezwe, lakini mimi nilinuna wiki nzima. Leo naionea uchungu wiki ile. Alikuwa anashona mlangoni kila nikipita, ananisemesha, na mimi najifanya kiziwi.

Jumamosi yake ya mwisho jua lilikuwa kali, na mimi mwenyewe nilishaanza kuota mvi. Nilimvalisha suruali ya mpira, nikaujaza mpira upepo, nikafunga kamba. Akasimama kwenye nyasi kavu, hajalowesha hata unyayo, akakijaribu kifungo. Vidole vilivyotunga uzi kwenye sindano maisha yake yote vilitetemeka pembeni ya tundu. Akajaribu tena. Nilijua anachokipima, na nilijua bila bwawa lile Jumamosi zake zitabaki nini. Roho iliniuma.

"Baba, hiyo si baridi," nikasema upesi. "Ni uzee tu. Jaribu tena, bado kidogo."

Nililisikia neno lilipokwisha kunitoka. Naye alilisikia, akacheka kidogo.

"Kifungo hakiulizi sababu, mwanangu."

Akavua suruali ya mpira mwenyewe, polepole, akaikunja kama nguo ya mteja. Nilimfunga kile kifungo, maana upepo ulikuwa umeanza. Kisha tukakaa juu ya mpira, yeye upande wake na mimi wangu, tukayatazama maji mpaka njaa ikatuondoa.