Mstari Mwekundu Kwenye Sitaha

Siku yangu ya kwanza melini, mkuu wa uchorongaji hakuniuliza nimesoma wapi. Aliitazama mikono yangu, akasema, «Hii inajua kazi. Vaa gants,» yaani glavu. Nilikuwa nimetoka kutoboa miamba katika mgodi wa hapa Lubumbashi, nikapelekwa Atlantiki, kwenye meli iliyotoboa sakafu ya bahari kutafuta mafuta, mahali ambapo mlima mzima ungezama.

Kazi yetu ilikuwa kuunga mabomba. Bomba linaning'inia mnarani. Mnalishika, mnalielekeza juu ya lenzake lililokwisha kushuka, mnalikaza kwa makoleo makubwa ya minyororo. Makoleo hayo yalikula vidole vya watu. Nalisema hilo mapema, msije mkadhani nasifu maumivu.

Kisha ikaletwa mikono ya chuma. Mchorongaji akahamia nyuma ya kioo, akawa anabonyeza vitufe akiwa kitini, na mabomba yakajiunga yenyewe. Sisi tulichorewa mstari mwekundu kwenye sitaha. Mtu akiuvuka, kamera inamwona, na meli nzima inasimama kazi.

Sasa niambieni: aliyeshika mabomba tangu ujana wake, akiona bomba linayumba, atafanya nini? Atanyoosha mkono! Mwenzangu Mwamba, mtu wa mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alikuwa amekwisha kuvuka mara mbili, na alionywa kwamba ya tatu itamrudisha nyumbani.

«Unatafuta nini kule mbele?» nilimfokea.

«Yaya, sikufanya ya kusudi,» akanijibu, kwa jina letu la kaka mkubwa. «Mukono inaenda yenyewe.»

«Basi uweke mu mufuko!»

Akauweka. Asubuhi moja upepo ukavuma, bomba likayumba, mkono ukatoka mfukoni, na Mwamba akafuata mkono wake. Mitambo yote ikanyamaza.

Nilipanda kumwombea. Mkuu mpya wa uchorongaji, naye mtoto wa Lubumbashi, hakuondoa macho kwenye skrini.

«Chef, alitaka kusaidia.»

«Nani alimuomba musaada?»

Mwamba akaondoka na helikopta ya kwanza. Mimi nilibaki nikiosha sitaha hadi kustaafu, na nilirudi na vidole vyangu vyote. Kwa hilo sina ugomvi na mashine. Lakini wajukuu zangu, mikono ile ya chuma nayo ilikuwa ikiangusha mabomba, tena mara nyingi. Wahandisi waliibembeleza kama mtoto mchanga, wakairekebisha, wakaingoja ijifunze.

Mwamba hakungojewa.