Kitambaa Kilichoshika Kioo

Likizo ile nilikwenda nyumbani Katubuka kwa kusudi moja tu: kumtoa mama sakafuni.

Mama ni mwalimu mstaafu na magoti yake yamechoka. Daktari alishamkataza kukaa chini. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana alitandika mkeka barazani, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu na kupakata kompyuta kama anayepakata mjukuu, kifuniko kimelala nyuma karibu kiguse magoti. Hapo ndipo alipoandika maisha ya bibi yangu, aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana. Alikuwa amefikia kurasa mia na kitu. Kazi ilikuwa wakati wa kuinuka. Mkono mmoja alishika mwimo wa mlango, mwingine nilimshika mimi, na magoti yalilia hadi nikafumba macho.

Nilikuwa nimemnunulia meza na kiti chenye mto. Alinishukuru sana, akaweka ungo wa mchele juu ya kiti. Nilichukia, nikasema mama ni mbishi. Mimi si mtu wa subira, na hilo mtaa mzima unalijua.

Kompyuta yenyewe ilikuwa yangu ya zamani. Nilimpa miaka miwili nyuma niliponunua nyingine kule Dodoma ninakofanya kazi. Aliwahi kunipigia simu mara moja kusema kioo kinazima chenyewe. Nilikuwa naingia kwenye kikao. Nikamjibu, "Mama, utakuwa umebonyeza kitu. Usibonyezebonyeze." Akasema haya, na hakulitaja tena. Nikajua amejifunza.

Mchana nililala kando yake kwenye ule mkeka. Jua la saa tisa lilipita kwenye matundu ya ukuta wa baraza na kutua sakafuni vipande vipande, nami nilisikia vidole vyake usingizini. Viliandika, vikanyamaza, vikaandika. Wakati mwingine niliota bibi anatembea juu ya maji na kila hatua yake ni herufi moja. Nilipoamka mama alikuwa palepale, na vile vipande vya jua vilikuwa vimehamia miguuni mwake. Sijui kama niliwahi kuwa na raha ya namna ile tangu utotoni.

Ijumaa alikwenda msibani Kasingirima, arudi Jumapili. Nikaona huo ndio wasaa wangu. Niliviringisha mkeka nikaupandisha juu ya kabati. Nikafuta meza. Kwenye kompyuta kulikuwa na kitambaa, utepe wa kitenge kilichochakaa, umefungwa kutoka ukingo wa kifuniko hadi sehemu ya chini, kando ya vitufe. Nikacheka. Mama hufunga vitambaa kwenye kila kitu, hata mpini wa sufuria. Nikaufungua ule utepe, nikaufutia vumbi, nikautupa kwenye ndoo ya nguo chafu. Kisha nikaweka kompyuta mezani, nikainua kifuniko wima kama watu wa ofisini, na kuiwasha.

Ikawaka, ikasalimu, ikazima kioo.

Feni ilikuwa inazunguka. Vitufe vilikuwa vinaitika. Kioo kilikuwa cheusi tii. Nikazima nikawasha. Nikachomoa chaji, nikatoa betri, nikairudisha. Nikaongeza mwanga kwa vitufe vyake. Nikaipiga kofi, na kwa kofi hilo kioo kikawaka kwa muda wa kupumua mara mbili, kisha giza. Kurasa zote za bibi zilikuwa mle ndani, hazikuwa mahali pengine popote, na mimi nilikuwa nimezigusa mama akiwa msibani.

Nikashusha mkeka, nikaketi pale anapokaa yeye, nikaipakata. Kioo kikawaka, nikafungua kurasa za bibi. Nikasogea kidogo, kikazima. Nawaambia kweli, mimi niliyesoma, nilianza kuamini kwamba kompyuta ile imemzoea mwenyewe na inanikataa.

Nikawasha tochi ya simu niione vizuri, na mwanga ulipopiga kioo kwa upande, nikaona maandishi. Yalikuwa yamefifia, rangi ya majivu, lakini yalikuwepo. Nikajifunika khanga kichwani kuziba jua, nikasogeza tochi polepole, mstari kwa mstari. Chini ya khanga kulikuwa na joto na harufu ya sabuni ya mama. Nikamkuta bibi yuko katikati ya ziwa, ameshika kuku mmoja kapuni, anaogopa kutazama nyuma. Nikamfuata kwa tochi hadi simu ilipoishiwa chaji, na nilipojifunua nilishangaa kuona ukuta na ndoo na jua, kana kwamba nami nimeshuka mtumbwini sasa hivi. Nilijua basi kwamba hakuna kilichopotea. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu.

Fundi wa mjini alisema kioo kipya kiagizwe Dar es Salaam. Jirani akanielekeza kwa fundi wa Kibirizi anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Jumamosi nikaifunga kompyuta kwenye khanga nikapanda bodaboda. Kibanda chake kiko juu kidogo ya mchanga wanakoanika dagaa, na taa zilining'inia mpaka mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, ile ambayo kiangazi chote moshi huificha tukaisahau. Mzee akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nikaitika, nikampa shikamoo, nikaanza kumweleza kwa haraka zangu. Akaniinulia mkono ninyamaze.

Hakufungua hata skrubu moja. Alishika kifuniko kwa vidole viwili akakilaza nyuma taratibu, uso wake ukitazama ziwa, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kioo kikawaka. Akakirudisha kidogo, kikazima. Akakilaza tena, kikawaka. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo, akanionyesha kijifereji chembamba kilicholika kwenye plastiki.

"Hapa palikuwa na kamba. Nani aliifunga?"

Nikamwambia ni mama, ni kitambaa tu, nimekitoa.

"Basi mama yako ameshatafuta sana. Waya umekatika kwenye bawaba, unagusana ukilaza hivi tu. Vijana wa mtumbwini nao hufunga taa hivyohivyo, wakichoka kumwambia tajiri."

Alieleza mengine, kwamba kifuniko kikilala vile mtu hawezi kusoma akiwa kwenye kiti, lazima akae chini akipakate. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu, nikielekea kikaoni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sikusikia mimi, yakaumia magoti ya mama. Niliona aibu mbele ya yule mzee, na machozi yakanitoka, naye akajifanya anatafuta bisibisi. Aliunga waya kwa kipande kingine chembamba kama unywele na kuuachia ulegevu kidogo, ili bawaba isiuvute tena.

Jumapili mama alirudi, nikampa shikamoo, nikampokea kapu. Aliona baraza halina mkeka na uso wake ukabadilika. Nikamwongoza mezani. Ungo wa mchele nilikuwa nimeuondoa. Alikaa kitini kwa woga, akaivuta kompyuta, na mkono wake ukapapasa ukingo kutafuta utepe.

"Inua tu mama," nikasema. "Wima."

Akainua. Kioo kikawaka. Akakisogeza mbele, akakilaza, akakisimamisha tena, na mwanga haukuzimika. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo sikuwa nimebonyeza kitu," akasema.

"Hukubonyeza kitu, mama. Nisamehe."

Akavaa miwani, akasogeza kiti mbele, akatafuta mahali alipomwacha bibi.