Wale Wanyama Niliomsomea Bibi

Juzi binti yangu aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu akaniuliza, "Mama, kikongwe ndiyo nini?" Mwiko ukanidondoka. Jamani, neno hilo lilinipiga nikiwa darasa la nne, kijijini kwetu Sapiwi, Usukumani, na hadi leo halijaniacha.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia. Wanunuzi binafsi wa pamba walishindana kwa malori, na magazeti mapya mapya yakaja humo humo, yakaishia dukani kufungia sukari. Kila kipande kilichofika nyumbani nilikisoma kwa sauti, nikimtafsiria bibi kwa Kisukuma huku anapika. Kuni hatukuwa nazo, nyika yote ilishageuka shamba la pamba, kwa hiyo bibi alipikia samadi kavu. Moshi wake, wee! Alichemsha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akinirushia karanga mbili tatu ili nisome vizuri.

Siku hiyo nikasoma: vikongwe wawili wameuawa kwa mapanga, kisa macho mekundu. Kikongwe sikukijua. Nyumbani tuliongea Kisukuma, Kiswahili kilikuwa cha shule. Lakini nilijua viboko, nilijua vifaru, na habari za majangili tulizisikia kila siku. Basi nikamwambia bibi bila kusita kwamba ni wanyama wa porini, huko mbele ya mji wa Mwanhuzi. Nikawaongezea na pembe!

Bibi akaacha kupuliza moto. "Maskini," akasema. "Kwani walimkosea nani?"

Kesho yake mwalimu akatuambia tutaje wanyama wa porini. Nikanyoosha kidole kwa maringo: "Kikongwe!" Mwalimu hakucheka wala hakunichapa. Aliniuliza nimelitoa wapi neno hilo, kisha akasema polepole, "Kikongwe ni mtu mzee sana, kama bibi yako. Moshi wa samadi unawaharibia macho, halafu wajinga wanasema hao ni wachawi."

Macho ya bibi yangu yalikuwa mekundu tangu nimjue. Nilitoka mbio, madaftari nikayaacha mezani, na njia nzima nilimwona akilini mwangu amelala chini. Nikamkuta anapuliza moto wake. Nikamshika kanga nikalia, "Bibi, nilikudanganya. Wale si wanyama. Ni mabibi!"

"Najua, ng'wana wane, mwanangu," akasema, akinifuta kamasi. "Mmoja wao nilikua naye tangu utotoni. Habari ilinifikia kabla ya gazeti lako. Nilikuacha na wanyama wako ili upate kulala."

Bibi alikufa kwa uzee, kitandani kwake, Mungu ashukuriwe. Jiko lake halipo, na michembe siku hizi nainunua sokoni. Ila usingizi wangu wa utoto uliishia siku ile. Jua lilipozama nilihamishia mkeka wangu mlangoni kwake, nikalala nimeuziba kwa mwili wangu. Mtoto wa darasa la nne, jamani, ningemzuia nani?