Mirathi ya Panya Buku

Kosa lilikuwa langu, na nalikiri mapema kwa sababu nimechoka kusikia watu wa Mkange wakimtupia lawama mgeni wa watu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, Bagamoyo mjini. Likizo ile mtafiti mmoja, mama wa kizungu mpole kupita kiasi, alinichukua niwe mkalimani wake. Alikuwa akipima ncha za kromosomu, yaani zile nyuzi ndani ya chembe za mwili zinazobeba urithi. Ncha hizo hupungua kadiri mwili unavyozeeka, kama kanga isiyokungwa inavyofumuka pindoni. Alitaka kujua mtoto wa mnyama anapata urefu wa ncha zake kwa baba au kwa mama. Alishawapima wanyama wa Australia wanaobeba watoto mfukoni, sasa alitaka wa kwetu, alinganishe.

Tulifikia Mkange kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke wa miaka themanini na kitu ambaye bado anaokota korosho zake mwenyewe na ukijitia kumsaidia anakufukuza. Nikamwomba mjumbe awatangazie watu waje uani kwake wasikilize. Sasa, kwenye vitabu vya shule neno ni urithi. Mimi, kwa kujitia fasaha mbele ya wazee, nikasema mirathi. Mirathi ya umri wa wanyama wenye mifuko.

Kesho yake asubuhi ua ulijaa. Mzee mmoja alikuja tangu Lugoba na hati ya shamba kwenye mfuko wa nailoni. Wakulima wawili walileta panya buku sita ndani ya tenga, maana buku ana mifuko mashavuni na tangazo lilisema wenye mifuko. Mwalimu wa madrasa alikuja na kalamu sikioni, tayari kugawa mafungu.

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema hakuna aliyekufa.

"Kama hakuna aliyekufa, mirathi inatoka wapi?" akauliza mwalimu wa madrasa, na hapo alikuwa na haki kabisa.

Mtafiti, asiyejua lolote, akaendelea kutabasamu na kueleza kwamba wako wanyama wa mfuko ambao ncha walizopewa na mzazi mmoja ni ndefu, na za mzazi wa pili ni fupi. Nikatafsiri. Mwalimu akajipiga paja.

"Mume mafungu mawili, mke moja! Hata huko Australia!"

Ukazuka ubishi kama panya buku jike, akifiwa na mumewe, anapata robo au thumuni. Thumuni, wakaamua, kwa sababu yule wa tengani alikuwa na mimba. Mzee wa Lugoba akataka kujua zamu yake itafika lini. Buku mmoja akatoboa tenga, akakimbilia jikoni. Mimi nikapandwa na hasira, nikafoka kwamba panya hawana kadhi, na watu wakaniangalia kama mtu asiye na adabu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mbuzi muda wote, anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Mwanangu, niulizie mgeni. Mama naye si ana fungu lake kwa mtoto?"

"Kwenye mirathi ndiyo, shangazi."

"Theluthi, kama mtoto hakuacha mtoto."

Kila mmoja pale alijua. Mwanawe wa pekee alifariki kwa homa akiwa na miaka ishirini na miwili, hajaoa.

"Basi huu uzee wangu," akasema. "Siumwi hata jino. Wenzangu wote wamekwenda. Muulize, ni umri wa mwanangu huu, fungu langu? Ndio ninaoula?"

Nikatafsiri. Mtafiti akavua miwani. Akasema polepole kwamba ncha hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto tu, wala hazipandi kurudi juu. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Niliona sasa namtua mzigo alioubeba miaka yote hiyo.

"Shangazi, hukuchukua kitu chake. Huna hata siku moja ya kwake."

"Hata moja?"

"Hata moja, wallahi."

Nilitegemea ashushe pumzi. Badala yake alijifunika uso kwa viganja, machicha ya nazi yamemganda vidoleni, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia hata siku ya msiba.

"Kila asubuhi naamka nasema, siku hii ya mwanangu, nisiichezee," akasema. "Sasa zote hizi ni za nani?"

Nilijichukia. Mtafiti akanishika mkono, akaniuliza mama amesema nini.

Nikamwambia, "Anakukaribisha chai."