Hesabu ya Mama Nthenya

Kamene ana saiba ndogo, duka la intaneti, huko Makadara. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi humpangia foleni awapigie hesabu: kwa alama hizi, mtoto ataingia kozi gani chuo kikuu? Yeye hutazama alama za walioingia mwaka uliopita, kisha husema ukweli, hata mtu alie. Kwani aongope ili wafurahi?

Alikosea mara moja tu.

"Udaktari sahau, Nthenya," alimwambia binti yake wa pekee. "Jaza ualimu."

Nthenya akaenda saiba nyingine, akajaza udaktari, akapata. Huu ni mwaka wa tatu hapigi simu. Habari zake Kamene huzisikia kanisani.

Mzazi akimuuliza, "Na wako anasomea nini, Mama Nthenya?" hujibu bila kuinua macho:

"Udaktari. Nilimpigia hesabu mimi mwenyewe."