Kunguni Aliyepewa Jina Letu

Picha ya kwanza ya familia yetu kutundikwa kwenye dirisha la studio, River Road, ilikuwa ya kunguni. Alikuwa mmoja tu, mkubwa kama sinia la pilau, amepakwa rangi ya waridi mbavuni, na chini yake palikuwa na kadi nyeupe yenye mwandiko wa kupendeza: FAMILIA YA BW. ATHUMANI, RIRUTA. MUNGU AWAZIDISHE.

Bwana Athumani ni baba yangu. Kunguni nilimpeleka mimi. Na siku picha hiyo ilipokaa dirishani, wageni kutoka Mombasa walikuwa wamekwisha kufika Nairobi kuja kumposa dada yangu Rukia.

Sasa nianze panapostahili kuanzwa.

Mliokulia Nairobi miaka ile ya sitini na sabini mnaijua Riruta ninayoisema, kabla upande ule haujajaa nyumba za ghorofa na watu wakauita Satellite. Kulikuwa na mahindi, ua wa kayaba wenye miiba ya kutoboa hadi nia ya mtu, na udongo mwekundu ulioingia kwenye soksi nyeupe Jumatatu usitoke hadi soksi zenyewe zife. Tulicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, mpaka mama zetu waite mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa ya jina, ya pili ya jina la baba, ya tatu ya fimbo. Wasichana tuliruka blada, zile kamba za mpira, wavulana walivingirisha matairi, na mvua ikinyesha sote tulikimbilia kumbikumbi. Majirani zetu waliwakaanga. Mama, mtu wa pwani, alituambia kuwa anayekula vyenye mabawa madogo hupata akili ndogo, kisha akageuka kula kamba wenye miguu kumi na ndevu.

Wadudu walikuwa wetu. Shuleni mwalimu alimchora mdudu ubaoni kama viazi vitatu vilivyofungwa kwa uzi: kichwa, kifua, tumbo. Tulimwamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mdudu kwa karibu zaidi ya hapo. Hadi Mutiso.

Mutiso alikuwa jirani yetu, Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisa, mwembamba kama miguu mitatu ya kamera yake. Alikuwa na studio River Road, juu ya duka la misumari na rangi, na dirisha la maonyesho chini, kando ya mlango wa ngazi. Siku moja lenzi ilimponyoka ikachomoka kwenye kamera. Alipoiokota aliichungulia kinyumenyume, upande wa nyuma ukiwa mbele, akamwona sisimizi juu ya meza. Alituambia kuwa sisimizi huyo alikuwa na nywele. Mkewe, Mama Mumbua, alimshauri apumzike.

Hakupumzika. Alichukua makopo mawili ya maziwa ya unga, akayatoboa matako, akayaunganisha kwa utepe wa fundi wa umeme, akayapaka masizi ndani ili mwanga usirukeruke, kisha akaifunga lenzi kinyumenyume mwisho wa makopo. Kamera ikawa na mkonga. Ukiitazama ungedhani inaomba maji.

Kazi yenyewe ilitaka subira ya mtu aliyefiwa. Kwa ukaribu ule, ukilipata jicho la panzi, mguu wake unapotelea kwenye ukungu. Ukipumua, umempoteza panzi mzima. Malori ya River Road yakipita, sakafu hutikisika na mdudu huwa mstari. Kwa hiyo Mutiso alipiga picha zake Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, barabara ikiwa tupu, na jua lilipoingia dirishani alilielekeza kwa mdudu kwa vioo viwili vya kunyolea ndevu. Ili mdudu atulie, Mutiso alimtia kwenye kiberiti akampeleka kulala dakika kumi ndani ya jokofu la bucha lililokuwa jirani. Mwenye bucha alidhani ni viberiti tu. Mungu amrehemu, na wote waliokula nyama yake.

Sisi watoto ndio tuliokuwa wawindaji. Mutiso alitangaza kuwa mdudu atakayemshinda kila mdudu atakuzwa na kuwekwa dirishani, katikati ya mabibi harusi. Msicheke. Enzi zile dirisha la studio lilikuwa gazeti. Jumapili watu walivaa vizuri wakatembea mjini kutazama nani kaoa, nani kanenepa, nani kanunua suti. Kila picha ilikuwa na kadi yenye jina la mwenyewe na mahali anapokaa. Kuonekana pale kulikuwa kuonekana na Kenya nzima.

Watoto wenzangu walileta vipepeo, vunjajungu, nyenje, mmoja akaleta tandu na kovu la kuthibitisha. Mutiso aliwatazama akakunja uso.

"Kipepeo hata kipofu humsifu," alisema. "Nileteeni mdudu asiye na wakili."

Nilimpata nyumbani. Nasema haya kwa kuwa Mama amekwisha kwenda mbele ya haki na hawezi kunifinya: nilimtoa kwenye ufa wa kitanda cha mbao nilicholala mimi na Rukia. Mama alikuwa mwanamke aliyeweza kuapa mbele ya kadhi kuwa kunguni hawajui njia ya nyumba yake. Waliijua. Nilimtia mmoja aliyeshiba kwenye kiberiti, nikaandamana na Mutiso hadi studio.

Utaratibu wa studio ulishikwa na Mama Mumbua, na haukuwa na mlango wa nyuma. Kila kilichoingia kiliandikwa kwenye bahasha: jina, mahali. "Jina la baba?" aliniuliza bila kuinua macho. "Athumani. Riruta." Akaandika. Kila Ijumaa aliketi na bahasha zake, akaandika kadi za dirishani kwa wino mweusi, na kila kadi aliimalizia kwa dua, kwa sababu alisema picha bila dua ni karatasi. Picha zenyewe zilikaa chumba cha giza na mumewe, yeye hakuziona. Yeye alikuwa mtu wa bahasha.

Mutiso alifanya kazi safi kuliko zote za maisha yake. Miguu sita, kila mmoja na nywele zake, mgongo uliopangwa kama vigae, na lile tumbo, jamani, limejaa damu ambayo huenda ilikuwa yangu. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwa mazoea ya mkono akaipaka rangi ya waridi kama alivyopaka mashavu ya mabibi harusi. Ijumaa mchana akaitundika, akabandika kadi aliyopewa bila kuisoma, kwa maana kadi za mkewe hazikuwahi kukosea, akalifunga dirisha kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni, akapanda basi la Machakos kwenda kupiga picha za harusi ya mpwa wake.

Ijumaa hiyohiyo Bi. Mkubwa alikuwa ameshuka kwenye treni ya Mombasa.

Bi. Mkubwa, aliyejuana na Mama tangu pwani, alikuwa shangazi wa Salim, karani wa duka mjini, kijana ambaye Rukia alikuwa amemkubali moyoni kabla ya mtu yeyote kumuuliza. Baba yake Salim alikuwa marehemu, kwa hiyo neno la shangazi ndilo lililokuwa neno. Akisema nyumba ile hapana, hakuna posa. Na kwa kuwa wageni wa posa hawalali kwa kina binti kabla ya kujibiwa, alifikia gesti moja ya River Road pamoja na nduguye. Riruta wangekuja Jumapili. Rukia hakuwa amekula vizuri wiki nzima.

Jumamosi saa saba Baba alirudi kutoka ofisini akiwa na uso wa mtu aliyemeza ndimu.

"Wenzangu wamenipa hongera," alisema. "Wanasema familia imenawiri."

Alikuwa amekwenda kuona, akasimama ng'ambo ya barabara na mkoba usoni, akasoma, akarudi nyumbani. Mama alimuuliza kwa nini hakuitoa.

"Nikaonekane nimesimama karibu nayo?"

Rukia aliingia chumbani akajifunika shuka, akalia. Alinena neno moja tu, na alininenea mimi: "Umenimaliza." Nilikuwa na miaka kumi, nimezoea kuchekwa na kuchapwa, lakini hilo halikuwa lolote kati ya hayo. Mama akavaa buibui, akanishika sikio, tukaenda mjini.

Tulikuta watu wamejazana dirishani.

"Wee, hii dudu inaweza kubeba mtu!"

"Kwani familia ni wangapi? Naona mmoja."

"Wengine wako kazini."

Mama alipanda ngazi kwa Mama Mumbua. "Dada, ile picha ya chini ni ya nini?"

"Si ni familia yako, mama? Bahasha ni yako."

"Haya. Nionyeshe mimi ni yupi."

Mama Mumbua alishuka, akatazama, akaketi pale pale kwenye ngazi. "Yesu wangu," alisema. "Na mimi nimewaombea mzidi." Akaeleza kuwa ufunguo uko Machakos na kioo ni cha mwenye jumba, kikivunjwa, studio nayo imekwenda.

Basi Mama akafanya alichoweza. Akasimama mbele ya dirisha, akaligeuzia mgongo, akafungua buibui mikono miwili kama anayejipepea. Kunguni akatoweka. Watu wakaanza kutawanyika wakilalamika, akabaki bwana mmoja mwenye mkate kwapani. Na hapo ndipo ulipotokea mwavuli mmoja wenye ukubwa wa miwili, na chini yake Bi. Mkubwa, peke yake, nduguye akiwa msikitini.

"Mama Rukia! Mbona umejibandika hapo kama tangazo?"

"Napunga upepo, Bi. Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nipishe basi niwaone mabibi harusi wa Nairobi."

Mgeni tena mkubwa wako akisema nipishe, unapisha. Mama alilelewa hivyo na hakuwa na njia nyingine. Alishusha buibui akasogea. Bi. Mkubwa akainama karibu na kioo, akatazama kwa muda wa kutosha kusoma juzuu nzima.

"Huyu ni nani?"

"Mdudu, Bi. Mkubwa."

"Mdudu namjua, jana nimelala naye hapo gesti. Nauliza hapo chini pameandikwaje."

Tulikuwa tumeambiwa na Salim mwenyewe kuwa shangazi yake anasoma hati za Kiarabu tu; za Kizungu zilimpita. Mama akavuta pumzi.

"Pameandikwa, 'Wananchi, safisheni vitanda vyenu.'"

Bwana wa mkate akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote, na sikuwa mtoto mwembamba. Akafunga.

"Na huu mstari wa mwisho?"

"'Mungu awasaidie.'"

"Amina," akasema Bi. Mkubwa, akaendelea na safari yake.

Jumapili walikuja Riruta. Walikula mahamri kwa mbaazi, wakanywa chai mara tatu, na posa ikapokelewa. Rukia alilia tena, safari hii kwa namna inayoruhusiwa. Mutiso aliporudi Jumatatu aliiondoa picha, akaja kuomba radhi kwa kuku, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeombwa amzike mwanawe bora. Mimi nilihukumiwa kumwaga maji ya moto na mafuta ya taa kwenye kitanda kile kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Nilihudhuria mauaji mengi.

Leo mjukuu wangu ana simu inayompiga picha nzi hadi unaona anafikiri nini. Anapiga mia mbili kabla ya chai, anazifuta zote baada ya chai. Nilimuuliza huyo nzi alikuwa wa namna gani, akaniambia, "Nyanya, sikumwangalia, nilimpiga tu." Hajawahi kushikilia pumzi hadi lori lipite. Hajui kumtafuta mdudu wiki nzima kwa ajili ya picha moja, wala hofu ya kutojua kama imetoka hadi karatasi ielee kwenye dawa. Wana macho makali kuliko yetu, masikini, na hawana pa kuyaelekeza. Sisi tulikuwa na makopo ya maziwa, na hadi leo naweza kukuchorea miguu yote sita.

Lakini kuna jambo moja ambalo kamera ya Mutiso haikulifikia. Ilipofika siku ya kupeleka vitu vya bibi harusi, upande wa Salim ulileta kitanda kama ilivyo desturi ya kwetu. Watu wa hadhi yao walileta vya mbao, vya nakshi, vya kuonyesha majirani. Bi. Mkubwa alileta cha chuma. Chuma kitupu, kisicho na ufa hata wa kupitisha uzi. Alisema tu kuwa ndiyo mitindo ya siku hizi. Mama alikitazama kitanda kile, akamtazama yeye, na wote wawili wakaanza kuzungumzia bei ya mchele.

Waliishi kama wakwe wapendanao zaidi ya miaka ishirini, na Mama hakuthubutu kuuliza. Bi. Mkubwa alipofariki tulikwenda Mombasa, na mimi na Rukia tukaupanga mkoba wake. Mlikuwa na tasbihi, karafuu, na miwani ya kusomea. Rukia anasema miwani ilikuwa ya msahafu. Salim anasema shangazi yake msahafu aliusoma kwa moyo, bila kuufungua.