Mstari Mwekundu wa Takribani

Kazini walimwita Takribani, naye aliitika bila kinyongo. Ukimuuliza mtambo utatikisika kwa kasi gani, atakujibu, "Takribani hivi," na kweli utatikisika hapo hapo. Miaka thelathini amekaa kwenye chumba cha hesabu cha idara ya maji, meza imetegemezwa kwa tofali, madaftari yamefika dirishani, na jamani, yule mama kazi anaijua!

Siku hizi mkuu wa chumba ni mtoto wa dada yake, injinia, msomi, mjuaji kidogo. Asubuhi hiyo pampu mpya ya hospitali ilikuwa tayari kuwashwa, na wodi zilikuwa hazina maji siku ya tatu. Swali lilikuwa moja: kasi ipi ni ya hatari, ile ambayo pampu ingetetemeka hadi ijing'oe? Vipande vya mpira vilivyoibeba pampu huzidi kuwa vigumu kadiri vinavyominywa, kwa hiyo mlinganyo wake hauna jibu kamili. Unaanza na jibu la karibu, unalisahihisha, kisha unasahihisha tena, kidogo kidogo.

Takribani alianza na mizunguko 1,200 kwa dakika. Akaongeza sitini, akatoa nane, akaongeza tatu, akapiga mstari mwekundu. 1,255.

Injinia alikwenda hadi sahihisho la tisa, akapata 1,410.

"Tutaiendesha kwa 1,250, tuko mbali na hatari," alisema. "Mama mdogo, wewe umeishia njiani."

"Hebu tazama masahihisho yako, mwanangu. Baada ya tatu inakuja tisa, halafu thelathini na nne. Yameanza kukua. Hesabu za namna hii zinakusogeza karibu na jibu, ukizifuata mno zinakupoteza. Simama yanapoacha kupungua."

"Yaani kufanya kazi zaidi ndiyo kukosea?" Damu ilimchemka. "Daktari mkuu amepiga simu mara tano!"

"Apige ya sita."

Kule hospitalini, mumewe Takribani, fundi wa pampu, hakubishana na mtu. Kwa mkono wake wa kushoto wenye vidole vitatu aliweka kikombe cha maji juu ya pampu, akaiwasha, akapandisha kasi polepole. Kwenye 1,200 maji yalianza kucheza. Kwenye 1,240 kikombe kiliruka, kikapasuka sakafuni, nati zikaanza kulia. Fundi akazima upesi. Injinia akainama kuokota vipande vya kikombe. Yeye angeiongeza kumi nyingine, aiache hapo kutwa nzima, na baba yake mdogo amesimama kando yake.

Waliiendesha kwa elfu moja, na kabla ya saa sita mchana wodi zilikuwa na maji.

Injinia alirudi chumbani kuomba radhi. Takribani akamsukumia daftari kuukuu, la kwanza kabisa. Hesabu ya pampu nyingine, masahihisho saba, mstari mwekundu hakuna. Chini ameandika kwa mkono wake: "Nimekosa. Vidole viwili, mkono wa kushoto."

Injinia akamgeukia fundi aliyesimama mlangoni. "Baba mdogo, si uliniambia ni mamba?"

"Ulikuwa na miaka sita. Ningekueleza mlinganyo?" Fundi akacheka. "Alikuja wodini kuniomba msamaha. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Nikaona huyu nimuoe tu."

Injinia hakucheka. Alivuta karatasi yake, akahesabu hadi sahihisho la tatu, akamwomba mama yake mdogo kalamu nyekundu.